Bandari Isiyopokea

Hadithi za Kiswahili zinazotokea karne ijayo zimeanza kuongezeka mtandaoni, nami husoma zote ninazozipata. Nyingi zina mji mmoja. Majengo ya vioo, mvua isiyokatika, taa za zambarau, na kampuni yenye jina la herufi tatu inayomiliki maji, umeme na polisi. Nje kidogo ya mji kampuni hiyo ina bandari ya anga, ambako matajiri hupanda vyombo kwenda kuishi Mirihi. Mlangoni kuna foleni ya maskini, na ndani ya foleni kuna kijana mwenye kipaji cha kompyuta anayetaka kupenya. Mji unaitwa Dar es Salaam au Mombasa. Mara moja nilikuta unaitwa Tanga, nikafurahi kwa kurasa mbili. Lakini ukilifuta jina ukaandika Los Angeles, hakuna sentensi hata moja itakayolalamika.

Sina ugomvi na kuazima. Tenzi zetu za zamani zilichukua visa vya Uarabuni zikavifanya vya kwetu, na leo hakuna anayevidai. Ninachokilalamikia ni kwamba tumeazima mji pamoja na mahali pa kusimama. Katika Blade Runner ya mwaka 1982, tangazo linaelea juu ya paa likiwaita watu wakaanze maisha mapya kwenye makoloni ya sayari nyingine, na sisi tumesimama barabarani, mjini, tukitazama juu. Katika Elysium ya mwaka 2013, filamu ya Neill Blomkamp, mzaliwa wa Afrika Kusini, matajiri wamehamia kwenye kituo kinachoizunguka dunia, na sisi tena tuko mjini, tumeinua shingo.

Elysium naipenda, hasa nusu ya kwanza. Kuna yule bwana wa magendo anayejaza wagonjwa kwenye vyombo vitatu na kuwarusha bila kibali, viwili vikatunguliwa. Sisi tuliolelewa Moa, ambako Vanga ya Kenya iko pua na mdomo, jambo hilo tunalielewa bila kuelezwa. Lakini angalia filamu inaharakia nini. Mapinduzi yote ya hadithi ile yanaanzia kwenye makubaliano: waziri anamwahidi mkuu wa kampuni mkataba mrefu wa ulinzi ili amwandikie programu ya kunyakua madaraka. Mazungumzo hayo yanapita upesi, kisha tunarudishwa kwenye ngumi na mitutu. Mwongozaji ameugusa moyo wa jambo, akauacha.

Wa kwetu wameiga ngumi, na mkataba hawakuuona kabisa.

Hata neno lenyewe limetupoteza. Tumesema "bandari ya anga" na likasikika zuri, kwa kuwa watu wa pwani tunaipenda bandari. Kwetu bandari ni mahali pa kupokea. Jahazi linatia nanga, hamali wanashusha, ushuru unakadiriwa, mama lishe anapakua, mgeni anaulizia msikiti na pa kulala. Mji unakua kwa sababu kitu kimefika. Kituo cha kurushia roketi hakipokei. Kinachoondoka pale hakirudi na shehena ya mtu yeyote, na hata roketi za siku hizi zinazotua zenyewe zinarudi tupu. Mwandishi anayejaza bandari yake ya anga hamali, wachuuzi na walanguzi ameandika bandari ya Tanga na kuibandika roketi. Ni pazuri kusoma, ila mahali hapo hapafanyi kazi hivyo.

Panafanyaje kazi? Dunia huzunguka kuelekea mashariki, na pale ikweta uso wake unakwenda kama kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa mashariki kutoka karibu na ikweta huupata mwendo huo bure. Na kwa kuwa roketi huacha vipande njiani, na nyingine hulipuka, inatakiwa mbele yake kuwe na bahari. Chukua ramani ya dunia, utafute pwani iliyo karibu na ikweta inayotazama mashariki. Kidole kitapita hapa kwetu, toka kusini mwa Somalia mpaka Tanga na zaidi. Kinachotakiwa ni bahari wazi, na katika lugha ya wahandisi "wazi" maana yake hakuna mtu wa kuhofia. (Moa wangetukataa, nadhani. Mbele yetu kuna Pemba.)

Kwa hiyo jambo hili si la karne ijayo. Tarehe 26 Aprili 1967, setilaiti ya Italia iitwayo San Marco 2 ilirushwa kutoka jukwaa lililosimama kwa miguu ya chuma baharini, Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Roketi ilikuwa ya Marekani, wasimamizi walikuwa Chuo Kikuu cha Roma, na kazi ya kurusha setilaiti pale iliendelea mpaka 1988. Jukwaa la pili, Santa Rita, lilianza maisha yake likichimba mafuta. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapaa kutoka pale setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa kuchunguza miali ya eksirei inayotoka angani. Waliipa jina Uhuru. Orodha ya mwisho ya vyanzo vya miali vilivyogunduliwa kwa chombo hicho ina 339.

Nampa kila mwandishi chipukizi kisa hiki na sijaona aliyekitumia. Neno letu zito kuliko yote katika karne ile liliondoka duniani kutoka bahari yetu, juu ya roketi ya mtu mwingine, kwa makubaliano yaliyowekwa miji mikuu, mbali na Ngomeni. Na sayansi yake ilikuwa ya kweli, si hila. Hapo ndipo fasihi inapopata kazi: mhusika anayejivunia jambo na kuachwa nje ya jambo hilohilo, kwa saa moja, kwa moyo mmoja. Mji wa taa za zambarau haumpi nafasi mtu wa namna hiyo, maana kila mtu mle ama anachukia mnara ama anautaka.

Utasema Ngomeni haikuwa ya kampuni. Kweli. Ya kampuni ilikuwa Kongo, nayo inatisha zaidi ya hadithi zote nilizosoma. Mwaka 1976 serikali ya Mobutu ilitia saini mkataba na OTRAG, kampuni binafsi ya Ujerumani Magharibi iliyoanzishwa mwaka mmoja nyuma na Lutz Kayser ili kurusha roketi za bei nafuu kibiashara. Kampuni ilipewa eneo la Shaba la kiasi cha kilomita za mraba 100,000 hadi mwaka 2000, itumie bila kizuizi kwa kurushia roketi. Mkoa wa Tanga, kuanzia Horohoro mpaka Handeni na Kilindi, hauzidi sana kilomita za mraba 27,000. Zidisha mara tatu na nusu na ushee, weka ndani mito, misitu na vijiji vya watu wanaozungumza Kiswahili chao, halafu mpe mwenye roketi.

Mwenyekiti wa kampuni alikuwa Kurt Debus, aliyewahi kushughulika na makombora ya V-2 ya Ujerumani ya Hitler, kisha akawa mkurugenzi wa kwanza wa kituo cha Kennedy kule Florida. Mwandishi akimbuni mhusika huyo, mhariri atamwambia apunguze chumvi. Roketi ya kwanza ilipaa Mei 1977, ya pili Mei 1978. Ya tatu, Juni 1978, ilishindwa mbele ya macho ya Mobutu mwenyewe. Mwaka uliofuata, kwa shinikizo la madola makubwa, kampuni ikafungiwa shughuli zake pale, ikahamia Libya.

Hamna mnara katika kisa hicho, wala mvua ya usiku. Kuna karatasi. Ningependa kuisoma riwaya ambayo sura yake ya kwanza ni siku ya kutia saini, na mhusika mkuu ni karani wa wilaya aliyetumwa kuwaeleza watu kuwa ardhi yao sasa ni ya kurushia vitu juu. Atatumia neno gani? Atasema roketi? Atasema ndege? Mzee mmoja atamuuliza inashuka wapi, na karani hatakuwa na jibu, kwa sababu kwenye karatasi hilo halikuandikwa.

Nao wanaodhani mji wa kampuni ni ndoto ya filamu watazame Texas. Tarehe 3 Mei 2025 wakazi wa kambi ya SpaceX pale Boca Chica, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa kampuni hiyo, walipiga kura wawe mji kamili unaoitwa Starbase. Kura 212 zilikubali, 6 zilikataa. Meya ni makamu wa rais wa kampuni. Siku za kurusha, barabara ya kwenda ufukweni hufungwa. Hakuna aliyepigwa. Ni kura, sanduku na tangazo la barabara.

Katika Kiswahili aliyelikaribia jambo hili ni Katama Mkangi, na alilikaribia kwa njia yake. Mkangi alikuwa mwanasosholojia, mtu wa pwani ya Kenya, wa Kilifi ileile yenye Ngomeni. Utawala wa Moi ulimweka kizuizini miaka ya 1980. Riwaya yake Walenisi ilitoka 1995. Dzombo anahukumiwa kifo, anatiwa ndani ya chombo cha angani, naye anajifunza kukiongoza mpaka anatua katika sayari ambayo jina lake, ukilikata vizuri, linasema wale ni sisi. Tazama alichokifanya. Katika filamu zile chombo ni zawadi, watu wanauana ili wakipande. Kwa Mkangi chombo ni adhabu. Watawala ndio wanaokupandisha. Aliyekaa kizuizini hawezi kuidanganya nafsi yake kuwa mlango wa chuma unaofungwa nyuma yako ni safari.

Nusu ya pili ya Walenisi hunichosha. Ikishafika kwenye jamii ile njema, riwaya inageuka somo, na wenyeji wanamweleza mgeni mpangilio wa maisha yao kwa subira ya mwalimu wa jioni. Hilo ni gonjwa la kila riwaya ya nchi bora, toka Ulaya mpaka hapa. Hata hivyo sura zile za mwanzo hazijapata mrithi. Vijana wetu wanamjua Blomkamp, Mkangi hawamjui, na shule zinachangia, kwa kuwa wengi wetu tulimaliza bila kusikia jina lake.

Mwingine ni Wanuri Kahiu na filamu yake fupi Pumzi, ya mwaka 2009. Mle hamna roketi. Kuna jamii iliyofungiwa ndani baada ya vita vya maji, inayozalisha umeme kwa watu kufanya mazoezi na kunywa maji yaliyochujwa kutoka jasho lao. Wakubwa wanasema nje hakuna uhai. Asha, mhifadhi wa makumbusho, anapata udongo wenye unyevu, anaomba kibali cha kutoka, ananyimwa. Kahiu ameelewa kwamba silaha kubwa ya watawala wa hadithi za namna hii ni sentensi moja, "kule ni patupu", na kwamba mwenye kuikanusha anahitaji tu kiganja cha udongo.

Kwetu ushahidi huo ni kalenda. Mara mbili kwa mwezi huja bamvua, maji yanakupwa mbali, na hapo ndipo miamba inafikika, pweza anachokolewa, mashamba ya mwani yanafungwa na kuvunwa. Yakija maji mafu, shughuli hizo zinalala. Kwa hiyo mwezi wa mama wa mwani hauna siku thelathini za kazi, una siku chache zilizopangwa na mwezi wa juu. Roketi nayo ina saa zake, zilizopangwa na mahali setilaiti inapotakiwa kwenda, na ikiwa hewa mbaya inaahirishwa kesho na keshokutwa, bahari ikiwa bado imefungwa. Siku tatu za kufunga bahari wakati wa maji mafu ni usumbufu. Siku tatu hizohizo wakati wa bamvua ni ada ya shule. Mgogoro ni huo, kati ya kalenda mbili zinazosoma anga moja, na sijaona hadithi iliyouandika. Nilimsimulia mjomba wangu, mvuvi, mojawapo ya hadithi hizi za mji wa vioo. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mwanangu, ilikuwa kusi au kaskazi?" Hadithi haikuwa na upepo.

Wala hatuhitaji kwenda Mirihi kutafuta mkataba wa kusoma. Chongoleani, kando ya jiji la Tanga, ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, la kilomita 1,443. Asilimia 62 ya kampuni ya bomba hilo ni ya TotalEnergies, 15 ya shirika la Uganda, 15 ya shirika letu la TPDC, 8 ya CNOOC ya China. Sisemi bomba ni roketi. Nasema kijana wa Tanga anayetaka kuandika kampuni kubwa ufukweni ana mfano kwa nauli ya daladala: hisa, gati, uthamini wa minazi, mikutano ya kijiji chini ya mwembe. Mwembe ule una tamthilia kuliko mnara wowote.

Na kama lazima kitu kitoke angani, tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Upana wake ulikuwa kama mita 2.5, uzito kama kilo 500. Shirika la Anga la Kenya lilieleza kuwa ni kipande cha roketi, likaja kulichukua. Watu walikuwa wamekizunguka tayari, wakipiga picha. Hadithi ningeianzia hapo, kabla gari la serikali halijafika, wakati chuma bado kiko mikononi mwa kijiji na kila mtu ana maoni yake kuhusu nani amekipoteza.