LibreOffice si "Word ya maskini"

Wandugu, wengi banasema LibreOffice iko "Word ya maskini". Mimi niliandikia TFC yangu yote humo, kurasa 64, kwa mashine ya RAM giga 2. Haikunigomea hata siku moja.

Aibu ilikuja siku ya kuchapisha. Nilipeleka faili ya docx kwa flash. Word ya pale ilipoifungua, tablo zimeruka, kurasa zimekuwa 71, na kesho yake ndiyo mwisho wa kuweka kazi fakulte! Nikalaumu programu. Kumbe kosa langu: docx, kila programu inaipanga kivyake, PDF inabaki vile uliiacha, na LibreOffice inaitoa kwa kubofya mara moja.

Lawama moja naibakisha. Kama profesa anasahihishaga ndani ya Word, faili ikienda na kurudi, utateseka na tablo.

Lakini ile Word tunakrakiaga, tunaiita "ya bure", si ya bure: ni ya wizi, na mara nyingi inaingia na virusi vya kula kazi ya mwaka mzima. LibreOffice iko bure kweli, tangu 2010. Sasa maskini ni nani?