Kaitaba: Nyasi na Watu

Kwa sisi wa Nkwenda, Kaitaba si uwanja wa jirani. Ni safari ya kupita Kyaka mpaka Bukoba mjini, karibu na ziwa. Mtu aliyetumia nauli na siku yake nzima kwenda huko ana haki ya kuuliza: uwanja huu umetengenezwa kwa ajili ya nani?

Nianze na sifa, maana mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na kiwanja cha nyasi za kawaida kikikanyagwa katika hali hiyo hugeuka matope. Katikati ya miaka ya 2010, TFF kwa msaada wa FIFA ilitandika nyasi bandia. Kagera Sugar walihamia viwanja vya mikoa mingine kwa muda, kisha wakarudi nyumbani. Tangu hapo mpira ulibingirika ulikotumwa, wala haukukwama kwenye dimbwi. Hilo lilikuwa jambo jema.

Lakini ukarabati ule uliishia kwenye mstari mweupe. Jukwaa kuu lina paa. Sisi wa mzunguko paa letu ni mwavuli, au gazeti. Mvua ile ile iliyotolewa kuwa sababu ya kubadili nyasi ndiyo inayotunyeshea vichwani. Mpira ulihurumiwa, mtazamaji akaachwa. Tena nyasi bandia nazo huchakaa. Aghalabu hazivuki sana miaka kumi. Jukwaa lililojengwa vizuri hudumu umri wa mtu.

Wamarekani wana uwanja wa besiboli mjini Boston, Fenway Park, uliofunguliwa mwaka 1912. Upande mmoja una ukuta mrefu wa kijani, kama mita 11 kwenda juu. Wangeweza kuubomoa. Badala yake, mwaka 2003 waliweka viti juu yake, na kilichokuwa kizuizi kikawa mahali pa kukaa. Hawana fedha tu wale; walijiuliza kwanza watu wanapenda nini pale.

Nasi Kaitaba tuna zaidi ya mpira. Tetemeko la Septemba 10, 2016 lilipoua watu 17 mkoani, hapo ndipo tulipokusanyika kuomboleza. Ndege ilipoanguka ziwani Novemba 6, 2022 na watu 19 wakafa, majeneza yaliagwa hapo hapo. Uwanja huu ni ua wa msiba wa mkoa mzima. Na msiba, ndugu msomaji, huleta watu wengi kuliko mechi, wakiwemo wazee na akina mama wenye watoto mgongoni. Mwezi Machi 2021, katika Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, watu 45 walikufa kwa msongamano wakati wa kumuaga Rais Magufuli. Milango ya uwanja si jambo la mapambo.

Kwa hiyo, wakija tena mafundi, wasianzie katikati ya kiwanja. Waanzie getini, wapanue njia. Kisha wapande mzunguko, waweke paa. Kisha wasimamishe jiwe lenye majina ya tulioagana nao pale. Nyasi zifuate. Nyumba haisifiwi kwa mkeka mpya wakati wageni wamesimama nje mvuani.