Milisekunde tano zinazoamsha mashine ya kusaga

Mota ya umeme wa njia moja ikifa kapasita haiondoki. Ukiiwasha itavuma na kupata moto. Ukizungusha puli kwa mkono, itakimbia kuelekea upande ule ule ulioisukuma. Kila fundi wa mashine za kusaga Bariadi, Maswa au Lamadi anaijua dalili hiyo, na wengi huitibu kwa kufunga kapasita nyingine ya kopo linalolingana na la zamani. Hapo ndipo mota nyingi zinapoungulia.

Ndani ya kapasita mna tando mbili za alumini zilizotenganishwa na kitu kisichopitisha umeme, zikaviringishwa pamoja. Ukiiunga kwenye chanzo, elektroni hurundikana kwenye utando mmoja na kupungua kwenye mwingine. Haziwezi kuvuka, ila zinavutwa na upande wenye upungufu, ndiyo maana chaji hubaki hata waya zikichomolewa. Kadiri zinavyojaa ndivyo zinavyozuia nyingine kuingia, na volti za kapasita zikifikia za chanzo, mkondo unakoma. Kwa hiyo mkondo huwa mkubwa kapasita ikiwa tupu: unatangulia, volti zinafuata. Katika umeme wetu wa hezi 50, wimbi moja huchukua milisekunde 20, na mkondo hutangulia kwa robo ya wimbi, yaani milisekunde 5.

Mota inahitaji tofauti hiyo. Koili kuu ikiwa peke yake, sumaku yake hupanda na kushuka pale pale bila kuelekea popote. Koili ya pili iliyopitishiwa kwenye kapasita hupata mkondo wake mapema, na koili zote mbili zinapokezana kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja, mchi mmoja ukipanda mwingine ukishuka. Msukumo sasa una upande, na rota inaufuata.

Ndiyo maana namba ya mikrofaradi iliyoandikwa ubavuni ina uzito kuliko ukubwa wa kopo. Kapasita ya kuwashia huwa na mikrofaradi mia moja na zaidi, na swichi ya ndani huitoa mota ikifika karibu robo tatu ya kasi yake. Swichi hiyo ikiganda, kapasita hupasuka, kwa sababu haikutengenezwa kukaa kwenye umeme muda wote. Ile ya kukimbilia ni ya makumi tu, nayo haitoki. Na kabla ya kuilaumu kapasita, pima volti. Nguvu ya kuanzia hushuka kwa kipeo cha pili cha volti: mwisho wa laini ndefu, volti 230 zikishuka hadi 184, inabaki asilimia 64 tu. Kapasita nzima kabisa hutupwa kwa kosa hilo.

Chaji iliyobaki ni habari nyingine. Kapasita ya mikrofaradi 100 iliyokatwa kwenye kilele cha volti 325 ina jouli 5 na kitu, kiasi cha kuinua kilo moja nusu mita. Ni kidogo, lakini ukikutanisha ncha zake kwa bisibisi ikamwagika ndani ya milisekunde moja, nguvu ya wakati huo inazidi kilowati 5. Tumia rezista ya kiloomu 10: baada ya sekunde moja zimebaki volti 120, baada ya tatu 16, baada ya tano 2. Kisha pima kabla ya kugusa. Bisibisi iondoke kabisa katika kazi hii.

Kwenye viwanda vya kuchambua pamba vya Simiyu, sheria ile ile ya mkondo kutangulia volti inafanya kazi ya fedha. Mota kubwa za njia tatu huanza bila kapasita, ila koili zake huchota mkondo wa kujenga sumaku na kuurudisha mara 100 kwa sekunde. Mkondo huo hausokoti wala hauchambui chochote, lakini unapita kwenye nyaya na transfoma, na mteja mkubwa hulipia kVA, yaani mzigo wote pamoja na mkondo huo. Chukua mzigo wa kilowati 100 unaosomeka kVA 133. Kapasita za kVAr 55 (kVAr hupima mzigo wa mkondo huo wa sumaku peke yake) zikifungwa karibu na mota, zinajaa wakati koili zinaachia na kumwaga wakati koili zinahitaji. Mita inashuka hadi kVA 105 hivi, na mashine zinafanya kazi ile ile. Kiwanda kinachofunguliwa kwa msimu mfupi wa pamba hakina sababu ya kulipia tofauti hiyo.

Kapasita hizo haziachwi zote kwenye laini mota zikizimwa, maana zitapandisha volti. Kidhibiti huziingiza na kuzitoa kwa mafungu, na kila fungu lina rezista za kumwaga chaji. Likirudishwa kabla halijamaliza kumwaga, laini ya volti 400 ikiwa kwenye kilele cha 566 upande wa kinyume, fungu hilo linaweza kukutana na tofauti ya zaidi ya volti 1,100, na kontakta ndiyo inayoungua kwanza.