Sauti ya Mshtakiwa katika Mkataba wa Kukiri

Sheria Na. 11 ya mwaka 2019 iliingiza katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai vifungu vya 194A hadi 194H, vinavyowaruhusu mwendesha mashtaka na mshtakiwa kujadiliana na kufunga mkataba wa kukiri kosa. Wengi waliijua kwa kishindo cha Septemba ya mwaka huo, Rais Magufuli alipotaka wenye kesi za uhujumu uchumi wapewe siku chache za kukiri na kurudisha fedha, na Mkurugenzi wa Mashtaka akamletea hesabu ya watu 467 na shilingi bilioni 107.8. Katika kishindo kile andiko lenyewe halikupata wasomaji. Tulisome sasa, tukimfikiria kijana wa machimbo ya Nyarugusu, Geita, aliyekamatwa na kifurushi cha heroini alichopewa akifikishe Kahama.

Tuanze na sentensi inayoeleza majadiliano haya ni nini. Vitenzi vya mshtakiwa vimekaa imara: anakubali kukiri, au anakubali kushirikiana kwa kutoa taarifa. Upande wa pili sentensi inalegea. Anachopata ni nafuu kutoka kwa mwendesha mashtaka, nafuu ambayo huenda ikaleta adhabu nyepesi au kuondolewa kwa mashtaka mengine. Mmoja anatenda, mwenzake anatarajiwa. Kijana akishamtaja aliyempa mzigo, hawezi kulirudisha jina lile mdomoni, na hatari ya kulitaja itamfuata mpaka kwao. Sheria inamtaka hakimu asishiriki majadiliano. Ni sawa, kwa kuwa hakimu akipatana bei hawezi tena kuhukumu. Ila ulegevu wa sentensi unabaki, na mzigo wake wote anaubeba mwenye pingu.

Halafu linakuja fungu la makosa yasiyojadiliwa. Humo kuna uhaini, ugaidi, makosa makubwa ya kujamiiana, na pia dawa za kulevya zenye thamani ya sokoni inayozidi shilingi milioni 20. Hapa ndipo andiko linapogongana na jirani yake. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, baada ya marekebisho ya 2017, inaupima mzigo kwa uzito: heroini isiyozidi gramu 200 inatajiwa kifungo cha miaka 30, ikizidi hapo ni maisha. Gramu zinaamua adhabu, shilingi zinaamua kama kuna mazungumzo. Kwenye soko la madini la Geita gramu na shilingi husimama pamoja mbele ya muuzaji, naye anaweza kubisha bei. Heroini haina soko halali hapa nchini; thamani yake inatajwa na upande ule ule unaoshtaki. Mwenye dhahabu ya magendo, hata ya mabilioni, hakutajwa kabisa katika fungu hilo. Kwangu huu ni upungufu wa sheria, maana mlango wa mazungumzo unategemea tarakimu ambayo mshtakiwa hana namna ya kuipima.

Mahakama zetu zimezoea kuhesabu kukiri kuwa sababu ya kupunguza adhabu. Lakini hakimu akitaka kupunguza, tuseme, theluthi, theluthi ya kifungo cha maisha ni ipi? Adhabu ikiwa imefungwa na sheria, kinachobaki kujadiliwa ni jina la kosa: usafirishaji ushushwe uwe kumiliki, shtaka la pili lifutwe. Kwa hiyo mkataba kwa kweli ni kazi ya kuhariri hati ya mashtaka, na uhariri huo unafanywa na wanasheria.

Sauti ya kijana iko wapi? Mwaka 1973, katika shauri la Adan, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu ambao hadi leo sijaona ulioushinda: shtaka lisomwe na kuelezwa kwa lugha anayoielewa, jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana, kisha asomewe maelezo ya tukio na apewe nafasi ya kuyapinga au kuyafafanua. Utaratibu huo unamtaka mtu asimulie. Mkataba unamtaka athibitishe, na kumbukumbu inaishia na maneno mawili: ni kweli. Kweli ipi? Kwamba alibeba mzigo, au kwamba Mkemia Mkuu alikuta heroini ya uzito fulani? La kwanza analijua. La pili hakuwepo lilipofanyika, na bado ndilo linalompa miaka yake.

Sheria inamtaka hakimu amhoji kwa kiapo kama amekubali kwa hiari na anajua haki anazoziacha. Hapo ndipo swali moja la wazi lingetosha: eleza ilikuwaje. Kama anajibu kwa Kisukuma, mkalimani alete jibu zima, pamoja na sehemu isiyolingana na mkataba. Maana rufaa ya aliyekiri, ikifika Mahakama Kuu Shinyanga, kwa kawaida husikilizwa juu ya adhabu tu. Akitaka kusema kukiri kwake kulikuwa na utata, jaji atatafuta utata huo katika maneno yaliyoandikwa siku ile.