Panya Wale Wale, Joto Tofauti: Jeni ya UCP1 Iliyosomwa Nusu

Ukikutana na habari kwamba jeni fulani inanenepesha panya, swali lako la kwanza lisiwe "jeni gani?" Uliza chumba cha hao panya kilikuwa na joto kiasi gani. Unadhani natania? Twende taratibu.

Mwaka 1997 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Enerbäck na wenzake. Walikuwa wameizima kwa makusudi jeni ya UCP1 kwenye panya. Jeni hii inatengeneza protini inayokaa kwenye mitokondria za mafuta ya kahawia, yale mafuta ambayo kazi yake ni kuchoma nishati itoke kama joto. Hesabu ilionekana rahisi: nishati isiyochomwa itawekwa akiba, kwa hiyo panya atanenepa. Wapi! Panya wale walishindwa kuhimili baridi, lakini hawakunenepa, hata walipolishwa chakula chenye mafuta mengi. Kichwa cha makala kikasema hivyo hivyo: baridi inawaumiza, ila si wanene.

Vipimo vyao sina ugomvi navyo. Ninachopinga ni lile "si wanene" kuachwa limesimama peke yake, kama vile ni kweli popote. Maabara nyingi hufuga panya kwenye nyuzijoto 20 hadi 22 hivi. Wewe mwenye shati hapo uko sawa tu. Panya ana mwili mdogo unaopoteza joto haraka, na yeye raha yake iko karibu na 30.

Mchukue mtu wa Kaoze, kule bonde la Ziwa Rukwa, umpandishe Sumbawanga mjini, karibu mita 1,000 juu zaidi, alale usiku wa mwezi wa saba bila sweta wala blanketi. Atatetemeka mpaka kuche. Kutetemeka ni kazi ya misuli, na kazi inakula nishati. Panya asiye na UCP1 ndivyo anavyoishi maabara kila siku: jiko la ndani limezimwa, kwa hiyo anajipasha moto kwa njia ya gharama, na chakula kinaishia huko.

Mwaka 2009 Feldmann na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stockholm wakawaweka panya wasio na UCP1 kwenye nyuzijoto 30. Wakanenepa, hata kwa chakula cha kawaida. Kwa chakula cha mafuta wakazidi. Jeni ile ile, jibu limegeuka.

Sasa, na hili nalo tusilipigie vigelegele haraka. Panya wa nyuzijoto 30 anatukaribia zaidi sisi tunaovaa nguo na kufunga madirisha, sawa. Lakini kwa panya mafuta ya kahawia ni jiko kubwa. Kwa mtu mzima yapo, ila ni kidogo sana. Kwa hiyo anayekuuzia kidonge au chai ya "kuyeyusha mafuta" kwa ushahidi wa panya peke yake, ana maswali mawili ya kujibu: panya waliishi kwenye joto gani, na nani aliyepima kwa watu?

Utafiti wa unene wa panya usiotaja joto la chumba usome kama bei ya mahindi ambayo hujaambiwa ni ya debe au ya gunia.