Kasoro za "Uvimbe wa Mshipa wa Titi"

Baada ya upasuaji wa kurembesha matiti, mara chache damu huganda katika vena iliyo karibu na ngozi ya kifua, ikatokea kamba ngumu yenye maumivu. Ndio ugonjwa alioueleza Henri Mondor, daktari mpasuaji wa Ufaransa, mwaka 1939. Kuufasiri "uvimbe wa mshipa wa titi" kuna kasoro mbili. "Mshipa" ni vena, ni ateri, ni neva, hata ngiri. "Uvimbe" nao humtia mgonjwa hofu ya saratani, hali kamba hiyo kwa kawaida hutoweka yenyewe baada ya majuma kadhaa. Nalo jina la Mondor pekee halielezi kitu. Twapendekeza "mgando wa vena ya juujuu ya kifua": istilahi itaje mahali na tukio, isizushe ugonjwa mwingine.