Wazee wa Roki Wana Mipango, Wanyika Je?

Ukifuata habari za bendi kongwe za roki, utaona kuna neno moja wanalolichezea kuliko yote: kwaheri. Kiss waliaga mwaka 2000. Wakarudi. Wakaaga tena kwa ziara iliyoishia New York tarehe 2 Desemba 2023, na kabla jasho halijakauka jukwaani wakawaonyesha mashabiki mifano yao ya kompyuta, majitu yenye rangi usoni ambayo ndiyo yatakayoendelea kupiga shoo wenyewe wakiwa nyumbani. Nilicheka sana. Halafu nikakumbuka ABBA wana kitu kama hicho London tangu 2022, na watu wanalipa, na wengine wanatoka wakifuta machozi.

Black Sabbath waliaga kwa heshima zaidi. Tarehe 5 Julai 2025, wale wanne walioanza pamoja Birmingham mwaka 1968 walisimama tena kwenye jukwaa moja, uwanja wa Villa Park, nyumbani kwao. Walisimama ni namna ya kusema tu, kwa sababu Ozzy Osbourne aliimba akiwa ameketi kwenye kiti cha enzi, ugonjwa wa Parkinson ukiwa umeshamfunga miguu. Siku kumi na saba baadaye akafariki. Na sasa Rush, ambao mpiga ngoma wao Neil Peart alikufa Januari 2020 na kila mtu akajua yameisha, wametangaza ziara ya 2026 wakiwa na mpiga ngoma mwanamke kutoka Ujerumani, Anika Nilles. Mashabiki wamegawanyika: je, hii bado ni Rush?

Nasoma hizi habari nikiwa Kikopey. Kama umewahi kupita barabara ya Nairobi kwenda Nakuru basi unapajua hata kama jina lilikutoka: moshi, mbuzi wananing'inia, na vijana wanakupungia mkono uegeshe kwao na si kwa jirani. Watu huja kwa nyama. Lakini ukikaa hapa siku nzima kama mimi, kitu kinachokukaa kichwani ni spika. Ikifika saa sita mchana, kila kibanda kina zilizopendwa, na katika zilizopendwa lazima kuna Wanyika. "Sina Makosa" ikianza, dereva wa trela anaimba, mwanajeshi kutoka Gilgil anaimba, familia ya Nairobi inayoenda Eldoret inaimba, na yule mtoto wao mwenye simu mkononi, ambaye wimbo huu unamzidi umri mara nne, anaimba pia. Sijui wimbo wowote wa Rolling Stones unaoweza kufanya hivyo kwenye meza ya watu wasiojuana.

Sasa niambie mipango ijayo ya Les Wanyika.

Kimya, si ndio? Historia yenyewe ni fupi na inauma. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, waliingia Kenya mwaka 1971 na bendi iliyokuja kuitwa Simba Wanyika. Mwaka 1978 kundi la wapigaji likatoka, likaanzisha Les Wanyika, na kutoka hapo matawi yakaendelea kuchipuka hadi ukihitaji kuyafuata lazima uchore mti wa ukoo. George alifariki 1992, Wilson 1995. Upande wa pili, Omari Shabani, yule waliyemwita Profesa, mtunzi wa "Sina Makosa", alifariki 1998. John Ngereza akafuata mwaka 2000. Ndani ya miaka minane, sauti nzima ikazikwa. Hapakuwa na ziara ya kwaheri, kiti cha enzi wala uwanja. Habari za wakongwe wetu mara nyingi hutufikia kwa njia mbili tu, mchango wa hospitali au tangazo la mazishi, na zote mbili tunaziweka wimbo uleule kwa chini.

Rahisi kusema hapa kwamba wazungu wana pesa na sisi hatuna. Ni kweli, lakini haitoshi, kwa sababu Dar es Salaam wana jibu lingine. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika jina, bendi nayo ikabadilika: Juwata, OTTU, na leo Msondo Ngoma. Waimbaji wameingia, wametoka, wamehamia kwa mahasimu wao wa Mlimani Park, yaani Sikinde, na wengine wakarudi. Muhidin Gurumo mwenyewe alihama Msondo mwaka 1978 kwenda kuanza na Mlimani Park, kisha baada ya miaka akarudi Msondo. Alifariki 2014, na bendi ikaendelea kupiga. Uliza shabiki wa Msondo kama hii bado ni Msondo na atakuangalia kama umemuuliza kama Yanga bado ni Yanga. Kwake bendi ni klabu. Wachezaji hupita, jezi hubaki.

Hata hapa Kenya tunao mfano: Maroon Commandos, bendi ya jeshi tangu 1970. Habel Kifoto, aliyewapa "Charonyi Ni Wasi", alifariki 2011, lakini kikosi hakifungwi kwa sababu ya mtu mmoja. Wanyika hawakuwa na kambi wala chama nyuma yao. Walikuwa na klabu za usiku zilizowaajiri na kampuni za kurekodi zilizowatoa, na hivyo vyote vilipoyeyuka, kilichobaki ni watu, na watu hufa.

Kuna Les Mangelepa, kweli. Walitoka kwa Baba Gaston mwaka 1976, wakatupa "Embakasi", na miaka zaidi ya arobaini baadaye walikuwa bado wanatoa albamu na kuzunguka Ulaya. Nawapenda. Lakini waliiita albamu hiyo Last Band Standing, bendi ya mwisho iliyobaki imesimama, na kila nikiliona hilo jina nahisi baridi. Wenzao wa roki wakijisifu kudumu, wanahesabu miaka. Hawa wanahesabu walioanguka kando yao.

Kitu kinachonisumbua zaidi, lakini, si kukosekana kwa ziara. Ni tunachofanya na nyimbo zenyewe. Wikendi huku kuna wasee wa gitaa la mtu mmoja, na wengi wao ni wazuri, siwezi kudanganya. Mugithi wao unaweza kumwinua hata mwenye nyumba anayekudai. Ila ikifika zamu ya Wanyika, wanaimba ubeti, wanaimba kiitikio, watu wanapiga kelele, kisha wanaruka kwenda wimbo mwingine. Wanakata pale hasa wimbo unapoanza.

Ukisikiliza rekodi hizo vizuri, utasikia maneno ni nusu tu. Zilitolewa kwenye santuri ndogo, sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule, na ule upande wa pili mara nyingi ndio kazi ilipo. Sauti zinanyamaza. Ridhimu inabaki inazunguka palepale bila haraka. Solo inaingia juu yake na kifungu kimoja kidogo, inakirudia, inakigeuza kidogo tu, inakirudia tena. Besi, na hapa namsikiliza Tom Malanga wa Les Wanyika kama watu wengine wanavyosikiliza mahubiri, inaruka mapigo ambayo wewe ulikuwa unayangoja, na mwili wako unajaza lile pengo wenyewe. Ndio maana watu hucheza Wanyika wakiwa wamekaa. Hakuna fujo hapo, wala mtu anayekimbiza vidole kutafuta makofi kama solo nyingi za roki ninazozifahamu. Ni mazungumzo ya watu watatu wanaoheshimiana.

Mtu mmoja hawezi kuzungumza kwa niaba ya watatu, hata akiwa na kinanda chenye programu ya ngoma. Kwa hiyo tunahifadhi maneno na kutupa muziki. Miaka ishirini ijayo tutakuwa bado tunaimba kwamba hatuna makosa, na hakuna atakayejua zile gitaa zilikuwa zinajibizana nini.

Ndio maana ile hadithi ya Rush imenikaa. Wengi wetu tulimjua Anika Nilles kwa video za YouTube, mtu na ngoma zake, kabla hajafika kwenye viwanja vikubwa. Rekodi za Wanyika nazo ziko YouTube, zimepandishwa na mashabiki, ubora wa wastani, lakini upande wa pili upo. Kinachohitajika ni watu wanne, gitaa tatu na ngoma, na miezi ya kurudia kifungu kilekile hadi majirani walalamike. Wapigaji wapo. Gilgil na Nakuru vijana wanaojua besi na ngoma ni wengi mno, na karibu wote ninaowajua walijifunzia mahali pamoja, kanisani. Vyombo vizuri kuliko vya klabu yoyote huku viko huko. Jumapili ibada ikiisha, saa nane hivi, vinafunikwa kwa shuka, mlango unafungwa kwa kufuli, na mzee wa kanisa anaondoka na ufunguo mpaka Jumamosi ya mazoezi ya kwaya.